UZI: Jarida la hisa likijisifu kwa asilimia 87, dai orodha nzima kwanza

#1 Hesabu_Kwanza

Wadau wa soko, habari zenu. Chama chetu cha uwekezaji hapa Nairobi kinataka kulipia jarida la hisa, la kutumiwa kwa barua pepe kila Jumapili usiku pamoja na kikundi cha WhatsApp. Tangazo lao lina maandishi makubwa juu kabisa: asilimia 87 ya mapendekezo yetu yameleta faida. Kwa kuwa mimi ndiye mweka hazina, wenzangu wamenipa kazi ya kuipima rekodi hiyo kabla fedha hazijatoka. Naweka hapa niliyoyaona, maana matangazo ya namna hii sasa yapo kila kona na wanaolipa ni watu wa akiba ndogo.

Msimamo wangu niuseme mapema. Rekodi ni ile unayoweza kuijenga upya mwenyewe: kila pendekezo, tarehe lilipotolewa, bei ya kununua, siku ya kuuza, mpaka la mwisho. Wasipokupa hiyo orodha, walichokupa ni tangazo.

Tuanze na hiyo 87. Idadi ya mapendekezo yaliyofaulu haisemi una shilingi ngapi mfukoni. Chukua KSh 100,000, nunua na uuze mara kumi kwa fedha zile zile. Mara tisa upate asilimia 3, mara moja upoteze asilimia 40. Umefaulu mara tisa kati ya kumi, lakini mkononi umebaki na kama KSh 78,000. Na hapo kamisheni haijatolewa. Kwa mwekezaji mdogo, broka pamoja na tozo za soko huchukua kati ya asilimia 1.5 na 2.1 unaponunua, na kiasi hicho tena unapouza. Kwa hiyo zile asilimia 3 zimekwisha zote kwenye tozo. Mwandishi anaziita ushindi, wewe hujapata kitu.

Jambo la pili ndilo lililonikera zaidi. Jedwali lao linaorodhesha "mapendekezo yaliyofungwa" tu, yaani ya hisa zilizokwisha kuuzwa. Hisa ikipanda wanaiuza haraka na kuiandika kuwa faida. Ikishuka hawaiuzi, inageuka kuwa "ya muda mrefu" na inaondoka machoni. Kumbukeni Safaricom mwaka 2021 ilipopita KSh 40, halafu mwishoni mwa 2023 ikawa chini ya KSh 15. Aliyekwambia ununue kule juu na hakukwambia uuze, kwenye jedwali la yaliyofungwa hana kosa lolote. Wewe miaka miwili unaitazama akaunti yako ya CDS, ile inayotunza hisa zako, ikiwa nyekundu.

Nimewaandikia kuomba orodha ya mapendekezo yaliyo wazi, yaani ya hisa ambazo bado hazijauzwa. Wamenijibu kwamba ni siri ya wanachama. Mnaonaje?

#2 Mama_Umoja

Hesabu ndugu yangu, nakuheshimu lakini usiwavunje watu moyo. Mimi nilijiunga na jarida moja (sitalitaja) mwanzoni mwa 2024 na kufikia Desemba nilikuwa juu kwa asilimia 28. Nimelipa karo ya mtoto kwa faida hiyo. Hizo ni fedha za kweli, zilipita kwenye M-Pesa yangu.

#3 Hesabu_Kwanza

Mama Umoja, hongera, na sina shaka fedha ulizipata. Swali langu ni moja: jarida lenyewe limekuongezea nini?

Fahirisi ya NASI, kipimo cha hisa zote za soko la Nairobi kwa pamoja, ilimaliza 2023 ikiwa karibu 92, ikamaliza 2024 ikiwa kama 123. Hiyo ni asilimia 34 bila ushauri wa mtu, na gawio, ile faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa, halimo. Aliyenunua mchanganyiko wa hisa kubwa za soko Januari na kulala hadi Desemba alikuwa na nafasi nzuri ya kukupita, tena bila kulipa ada ya kila mwezi. Februari ya mwaka huo huo serikali ilitoa bondi ya miundombinu (yaani unaikopesha serikali) yenye riba ya asilimia 18.46, haikatwi kodi. Ukiweka hizo kando ya 28 yako, toa ada, toa kamisheni za kuingia na kutoka, ndipo utaona jarida limekusaidia au limekurudisha nyuma.

Tena angalia mwaka waliouchagua. Majarida mengi niliyoyaona yanaanza kuhesabu Januari 2024. Mwishoni mwa 2021 NASI ilikuwa karibu 166. Kutoka hapo hadi mwisho wa 2024 soko lilikuwa bado limeshuka kwa zaidi ya robo. Mwandishi aliyekuwepo 2022 na 2023 anapaswa kuonyesha alisema nini wakati ule, maana ndiyo miaka ambayo ushauri wa kukaa nje ungekuwa na thamani kubwa kuliko mapendekezo yote ya 2024.

#4 Mama_Umoja

Hilo la 2022 sikuwahi kuliuliza. Nitawauliza.

#5 Dalali_Mstaafu

Vijana, mimi nilifanya kazi kwa broka tangu soko likiwa bado Nation Centre, Kimathi Street. Niongeze jambo la bei, kwa sababu udanganyifu mwingi umelala hapo, na mara nyingine hata mwandishi hajui kwamba anadanganya.

Soko letu hufungwa saa tisa alasiri. Bei ya kufunga mnayoiona gazetini kwa kawaida si ile ya mwisho kuuzwa. Ni wastani wa biashara ya siku nzima, uliopimwa kwa idadi ya hisa zilizouzwa. Sasa jarida linatoka Jumapili usiku na kuandika "nunua kwa bei ya Ijumaa". Jumatatu asubuhi wasomaji wote wanapiga simu kwa broka au wanafungua programu kununua hisa ile ile. Kama ni Safaricom, Equity au KCB, hakuna neno, wauzaji wapo tele. Lakini majarida hupenda hisa za kampuni ndogo ambazo siku nyingine zinauzwa hisa mia chache tu. Hapo bei inaruka hadi kikomo cha asilimia 10 kwa siku na muuzaji hapatikani. Mwandishi ameandika bei ya Ijumaa kwenye rekodi yake. Msomaji amenunua Jumatano, juu kwa asilimia 15. Hisa ikirudi ilipokuwa, rekodi ya jarida haina hasara na msomaji anayo.

Baya zaidi ni mwandishi anayenunua mwenyewe kabla ya kutuma, kisha anawauzia wasomaji wake Jumatatu. Nimeona oda za namna hiyo kwa macho yangu. Ndiyo maana namwambia kila anayeniuliza: chukua bei ya kufunga ya siku inayofuata tangazo, si ya siku iliyotangulia. Rekodi inayobaki nzuri baada ya hapo, isome tena kwa makini.

Kuna na hisa zilizosimamishwa. Kampuni za Mumias, ARM Cement, Deacons: biashara ya hisa zao ilisimamishwa sokoni na watu wakabaki na karatasi. Kwenye jedwali la jarida utaona mojawapo ya mambo mawili. Ama hisa imefutwa kabisa, ama imebaki na bei ya siku ya mwisho kuuzwa kana kwamba kuna mtu yuko tayari kuinunua kwa bei hiyo. Kenya Airways ilisimamishwa Julai 2020 ikarudi Januari 2025. Miaka yote hiyo mwenye nayo hakuweza kuigeuza kuwa unga wala karo.

#6 Hesabu_Kwanza

Mzee, asante sana. Hili la bei ya siku inayofuata sikuwa nimeliweka kwenye karatasi yangu ya hesabu, sasa naliweka. Kwa zilizosimamishwa unashauri ziandikwe vipi?

#7 Dalali_Mstaafu

Ziandike sifuri mpaka siku ziuzwe. Zikirudi sokoni, utaandika bei uliyopata. Ni ukali, lakini mwenye kuhitaji fedha zake leo anapata sifuri.

#8 Kalamu_ya_Soko

Nimesoma kimya hadi sasa. Mimi ni mwandishi wa jarida la hisa, si hilo la ndugu Hesabu. Nadhani mnatuhukumu kwa kipimo kimoja. Wasomaji wangu hawalipii utabiri. Wanalipia mtu wa kuwasomea ripoti za mwaka za benki, kuwaeleza mikopo chechefu (isiyolipwa) ni nini, kwa nini gawio la mwaka huu limekatwa, kitabu cha kampuni kinafungwa lini, yaani siku ya mwisho ya kuwa kwenye orodha ya watakaopata gawio. Mfanyakazi anayetoka Rongai alfajiri na kurudi usiku hana saa ya kusoma kurasa 200 za ripoti. Hiyo kazi ina bei yake hata kama sikumshinda NASI.

#9 Hesabu_Kwanza

Ndugu Kalamu, nimefurahi umejitokeza, na hoja yako naikubali nusu. Kama unauza elimu, uza elimu, na mimi mwenyewe ningelipa. Shida inaanza pale tangazo linaposema asilimia 87. Ukishaandika asilimia umejiweka kwenye mizani, lazima upimwe.

Na kupima huku si chuki ya watu wa Nairobi. Marekani wamelifanya kwa karibu karne. Mchumi Alfred Cowles alichukua kampuni 16 za ushauri wa hisa, mapendekezo kama 7,500 ya miaka minne na nusu hadi Julai 1932, akayafuata moja moja. Kwa wastani, aliyewafuata alibaki nyuma ya soko kwa asilimia 1.43 kwa mwaka. Baadaye watafiti John Graham na Campbell Harvey walikagua majarida 237 ya kati ya 1980 na 1992, yale yanayomwambia msomaji ni kiasi gani aweke kwenye hisa na kiasi gani abaki nacho taslimu. Hawakuona ushahidi kwamba yalijua wakati wa kuingia wala wa kutoka. Kuna jambo moja waliloligundua ambalo kila mwenye kununua rekodi anapaswa kulikariri: walioshinda mara chache walishinda tena, lakini walioshindwa mara nyingi waliendelea kushindwa. Kwa hiyo rekodi mbaya inakupa habari zaidi kuliko rekodi nzuri. Mimi nikiona jarida lililoshindwa miaka mitatu mfululizo naliacha bila kufikiri mara mbili. Nikiona lililoshinda miaka mitatu, ndipo ninaanza kuuliza maswali.

Kulikuwa pia na Mark Hulbert, aliyeanza mwaka 1980 kufuatilia majarida na kuchapisha matokeo yao, chapisho lililoendelea hadi 2016. Thamani ya kazi ile ilikuwa kwamba mpimaji si mwenye jarida. Hapa kwetu simwoni mtu anayefanya hivyo. Kila jarida linajipa alama lenyewe.

#10 Bidii_Kasarani

Wadau, mimi niko kwenye kikundi cha Telegram cha bure. Jamaa anatabiri kila wiki kama hisa fulani itapanda au itashuka. Mwezi na nusu sasa hajakosea hata mara moja! Sasa anataka KSh 3,000 kwa mwezi kutuingiza kwenye kikundi cha ndani. Nimeona kwa macho yangu, si tangazo. Hii nayo mtaikataa?

#11 Hesabu_Kwanza

Bidii, subiri kabla hujatuma. Fikiria mtu ana namba za simu 6,400 kwenye vikundi mbalimbali. Wiki ya kwanza nusu yao anawaambia itapanda, nusu itashuka. Wale 3,200 ambao utabiri wao ulitimia anawagawa tena wiki ya pili, wengine anawaacha. Wiki ya tatu wamebaki 1,600, na hivyo hivyo. Baada ya wiki sita kuna watu 100 ambao kila mmoja ameona kwa macho yake utabiri sita wa kweli mfululizo. Ada ya KSh 3,000 mara watu 100 ni KSh 300,000, na jamaa hajui lolote kuhusu hisa. Simwiti huyo wako tapeli, simjui. Ninachosema ni kwamba kutoka pale ulipo huwezi kutofautisha, kwa kuwa huwaoni wale 6,300 walioachwa njiani.

Muulize orodha ya vikundi vyote anavyoviendesha. Na kabla ya hapo ingia kwenye tovuti ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA, utazame orodha ya wenye leseni. Chini ya Sheria ya Masoko ya Mitaji, Sura 485A, mshauri wa uwekezaji hapa Kenya anatakiwa kuwa na leseni. Marekani ni tofauti kidogo: mwaka 1985 Mahakama ya Juu yao iliamua kwamba mchapishaji wa jarida linalosema jambo moja kwa wasomaji wote halazimiki kujisajili kama mshauri. Kwa hiyo mtu akikwambia "hata Amerika hawahitaji leseni", mjibu kwamba uko Nairobi. Leseni haithibitishi kwamba mtu anajua kuchagua hisa. Inakupa mahali pa kupeleka malalamiko.

#12 Bidii_Kasarani

Sikuwa nimewaza hivyo kabisa. Nimesitisha kwanza. Sasa nisubiri tabiri ngapi ndio niamini?

#13 Hesabu_Kwanza

Hilo ni swali zuri kuliko yote ya uzi huu. Mapendekezo kumi hayatoshi. Wape watu 100 wasiojua kitu warushe sarafu mara kumi kila mmoja: kama 17 kati yao watapata saba au zaidi. Nairobi ina wachambuzi wa WhatsApp wengi mno, hao 17 ndio utakaowasikia, wengine wamenyamaza. Lakini mapendekezo 100 yenye tarehe, 70 yakiwa yamelipita soko baada ya gharama, hapo bahati inakuwa maelezo dhaifu sana. Tatizo la soko letu ni kwamba kampuni ni chache na nyingi hupanda na kushuka pamoja. Mtu akikupendekezea benki tano wiki moja na zote zikapanda, hesabu hilo kuwa wazo moja. Kwa hiyo 100 za kweli huchukua miaka, na inabidi miaka hiyo iwe na soko baya ndani yake.

Jambo jingine, kimbieni anayekuza faida ya siku chache hadi mwaka. Asilimia 8 kwa wiki mbili ukiirudia mwaka mzima kwenye karatasi inakuwa zaidi ya asilimia 600. Hakuna aliyewahi kuibeba hiyo nyumbani.

#14 Shangazi_wa_Bondi

Mimi ni wa bondi, kama jina linavyosema, lakini nataka kuwaambia wenye vyama kitu. Tunawapima wenye majarida kwa ukali na kwenye vyama vyetu tunahesabu vibaya zaidi.

Huko Beardstown, Illinois, kulikuwa na chama cha akina mama waliotangaza kuwa walipata wastani wa asilimia 23.4 kwa mwaka kuanzia 1984 hadi 1993. Wakawa maarufu Marekani nzima. Mwaka 1998 wakaguzi wa hesabu Price Waterhouse walikagua vitabu, wakakuta asilimia 9.1, wakati soko lenyewe lilikuwa limetoa 14.9. Hawakuiba. Walikuwa wamehesabu michango ya wanachama kana kwamba ni faida.

Sasa leta hapa kwetu. Chama cha watu 20, kila mmoja anachanga KSh 5,000 kwa mwezi. Mwaka unaanza na mfuko wa milioni 1, unaisha na milioni 2.2. Mwenyekiti anasimama mbele ya mkutano anasema tumekua kwa asilimia 120, watu wanapiga makofi. Michango ya mwaka ni milioni 1.2. Hisa hazikuleta hata senti.

Dawa yake ni vipande, yaani kuugawa mfuko kwa sehemu ndogo zilizo sawa. Kila mwezi, kabla ya kupokea michango, gawanya thamani ya mfuko kwa idadi ya vipande vilivyopo, upate bei ya kipande. Mchango mpya unanunua vipande kwa bei hiyo. Ukuaji wa bei ya kipande ndiyo faida yenu, basi. Nimeona pia majarida yenye "mfuko wa mfano" ambao mwandishi anaongezea fedha katikati ya mwaka bila kusema. Muulizeni.

#15 Mama_Umoja

Shangazi, hiyo ya milioni 2.2 imenigusa. Mkutano wetu ni mwezi ujao na ninajua hasa nitakayemwonyesha.

#16 Kalamu_ya_Soko

Nimekaa nikafikiri tangu jana. Hesabu, nikikuwekea hapa orodha yangu yote kuanzia jarida la kwanza, pamoja na zilizosimamishwa, utaipima bila kunionea?

#17 Hesabu_Kwanza

Nitaipima mbele ya kila mtu hapa, na karatasi ya hesabu nitaiacha wazi ili anayetaka anikosoe. Bei ya kufunga ya siku inayofuata, kama Mzee alivyosema. Asilimia 2 ya gharama kila upande. Gawio litaingia, baada ya kukatwa asilimia 5 ya kodi ya zuio (inayokatwa kabla gawio halijakufikia), maana kulinyima jarida gawio nako ni kulionea. Kisha nitalinganisha na NASI kwa tarehe zile zile, nayo nikiwa nimeiongezea gawio, ili mizani isiegemee upande. Na nikuambie, kukubali kwako tu kumekutofautisha na hao wa siri ya wanachama.

Barua nitakayoipeleka kwa jarida letu ni hii, yeyote aitumie:

"Tunaomba mapendekezo yenu yote tangu mlipoanza, pamoja na yaliyo wazi na ya hisa zilizosimamishwa, kila moja na tarehe na saa mliyoituma. Tunaomba kujua kama mwandishi au ndugu zake walikuwa na hisa hizo siku hiyo, na waliziuza lini. Tunaomba mtutajie majarida, vikundi au mifuko ya mfano mliyowahi kuianzisha na kuifunga. Tunaomba namba ya leseni ya CMA. Tutalipa ada ya mwaka mzima siku tutakapomaliza kuhakiki."

Kuna la kuongeza?

#18 Dalali_Mstaafu

Ongeza hili: kama wanasema wananunua wenyewe kile wanachokipendekeza, walete hati za manunuzi za broka, wafiche namba ya akaunti. Zina tarehe, bei na idadi ya hisa.

#19 Hesabu_Kwanza

Nimeiweka, Mzee. Barua inaondoka leo. Kalamu, tuma orodha yako hapa hapa kwenye uzi, usinitumie faragha.